Hatuombi ukimya, tunaomba kipimo

Maneno ya harakati yetu mbele ya vijana wa Lubumbashi



Leo tunazungumza juu ya makelele ya moto. Mutasema: maji hakuna, umeme unakatika kila siku, na ninyi muko munatuletea habari ya makelele? Ndiyo. Kwa sababu hapa njo tunaona vizuri ugonjwa mmoja wa inchi yetu: sheria isiyo na kipimo inageuka kuwa mfuko wa mtu.

Munajua vile inapita. Siku ya mungu vijana wanakusanyika kwenye kiwanja cha vumbi pembeni ya mji, na moto, na quad, na jeep. Wanapanda vichuguu, wanaruka, wanashindana. Ni furaha ya kweli. Lakini wengine wametoa silansiye kwenye eshapema, na ile sauti inaingia mpaka kwenye nyumba ya mgonjwa, kwenye kilio, kwa mama aliyezaa juzi. Kisha kartiye inagawanyika. Wazee wanasema: mukataze yote. Vijana wanasema: mutuache, hatuna kingine cha kutufurahisha. Sisi tunasema kila upande uko na haki yake, na njia iko. Sauti ipimwe.

Kwa wengine hii kazi inafanyika tangu zamani. Marekani, kwenye jimbo la California, tangu 2003 moto za porini za kisasa hazipaswi kupita desibeli 96. Zile za zamani zinaachiwa mpaka 101. Kupima kwenyewe ni dakika chache. Moto inasimama mahali pa wazi, injini imepata joto. Mikro inawekwa sentimita 50 kutoka mdomo wa eshapema, kwa pembeni, pembe ya digrii 45. Injini inazungushwa nusu ya mzunguko wake wa juu. Namba inatokea, na mwenye moto anaiona kwa macho yake.

FIM, shirikisho la dunia la michezo ya moto, liliona kwamba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu moto inaweza kuwa na adabu ikizunguka polepole, halafu inalia vibaya kwenye mbio. Wakaleta njia ingine: mikro inakaa mita 2, gazi inafunguliwa yote kwa mara moja mpaka injini ifike mwisho wake, na sauti ya juu kabisa njo inaandikwa. Tena moto inaweza kupimwa kisha mbio, maana ile sufi ya ndani ya silansiye inaungua na kutoka. Basi yule anayesema moto bila silansiye njo moto ya mbio, mumuulize: ba champion wa dunia wanakimbia na nini? Wanakimbia na silansiye.

Sasa tuelewe namba, maana desibeli haihesabiwi kama franka. Ukiongeza 3, nguvu ya sauti inakuwa mara mbili. Moto mbili za desibeli 96 zikilia pamoja zinafanya 99. Kumi zinafanya 106. Na mahali pa wazi, kila mara umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inapungua karibu desibeli 6. Maana yake moto iliyozidisha 12 inadai umbali mara nne ili mwenye nyumba asikie sawasawa na mbele. Kama mita 200 zilikuwa zinatosha, sasa ni mita 800. Hesabuni wenyewe: ndani ya mita 800 kuna nyumba ngapi, watoto wangapi wamelala?

Na sikio halisameheki. Ba docteur wa kazi wanahesabu hivi: desibeli 85, saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, inabaki dakika 15. Ile nyuzi ndogo za ndani ya sikio zikikufa, hazioti tena. Wa kwanza kuumia ni sisi vijana: anayeendesha, anayeshika bendera, mtoto aliyesimama kwenye kamba.

Sasa tufike kwenye siasa. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi yenye kumjenga, na ana wajibu wa kuyatetea. Vizuri. Lakini mtu mwenye uniforme akikusimamisha na kusema "unapiga makelele", amepima na nini? Na sikio lake. Na sikio lake linajua kusikia manseba mwenye moto ya deni. Jeep kubwa ya mkubwa halisikii. Manseba anatoa makuta, hapati karatasi, anaenda na eshapema yake vile vile. Makelele yamebaki, makuta imeenda. Mwenye usingizi hakupata kitu, na mwenye moto ameonewa. Namba iliyoandikwa inawalinda wote wawili.

Kwa hiyo tunadai mambo haya:

Kwanza, hakuna mashindano bila sonometa kwenye mlango. Kabla na kisha kazi, ihakikishwe na kifaa chake chenye kutoa sauti inayojulikana. Telefone haitoshi kuhukumu mtu, maana kila moja inasoma namba yake.

Pili, tuanze na desibeli 96 kwa sentimita 50. Kwa moto, quad na jeep, kwa maskini na kwa tajiri. Namba ya kila mmoja iandikwe kwenye ubao, mbele ya watu.

Tatu, aliyepita kipimo haingii. Arudishe silansiye, apimwe tena bure. Pasipo kulipa mtu yeyote pale mlangoni.

Ine, meri na komini waonyeshe viwanja vilivyo mbali na hospitali, masomo na nyumba, na saa za kuanza na kumaliza zibandikwe mbele ya wiki ya mashindano.

Na sisi wenyewe? Wenye kuandaa mashindano ni vijana kama sisi. Hawana lazima ya kungojea meri. Wanaweza kuanza na mlango mmoja, mashini moja, ubao mmoja. Na ninyi wenye moto, murudishe silansiye mbele ya kuombwa. Hapo kesho mtu akitaka kuwafungia kiwanja, mutakuwa na karatasi ya kumuonyesha.

Barua ya komini iko tayari hapa kwenye meza. Muisome kwanza, kisha muweke sahihi. Mwenye neno la kuongeza, aongeze.