Ujumbe wa Kiinitete

Wafugaji wa Shinyanga wana hesabu yao: ng'ombe aliyepandwa asiporudia joto baada ya siku 21 hivi, huenda ameshika mimba. Hesabu hiyo ina siri yake.

Kufikia siku ya 16 au 17, kiinitete bado hakijajishikiza kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Hata hivyo kimesharefuka kama uzi, na kinatoa protini iitwayo intaferoni tau. Protini hiyo huuzuia mfuko wa uzazi usimwage prostaglandini, kemikali ambayo ingeua tezi ya muda iliyo kwenye ovari. Tezi ikisalimika, homoni ya projesteroni huendelea kutoka na kuuandaa ukuta upokee mimba. Ujumbe huo wa protini ukiwa hafifu au ukichelewa, mimba hupotea kimya kimya. Mfugaji huona tu kwamba ng'ombe amerudia joto. Jua kali na uhaba wa malisho huongeza hasara hiyo, kwa hiyo si haki kumlaumu dume au mhimilishaji peke yake.

Binadamu ana ujumbe tofauti. Kiinitete chake hujishikiza siku 6 hadi 10 hivi baada ya kutungwa, kisha hutoa homoni ya hCG, ile inayosomwa na kipimo cha mkojo cha duka la dawa.

Mimba ya binadamu nayo ina hatari yake, hasa katika machimbo madogo ya Geita. Mvuke wa zebaki inayochomwa kupata dhahabu hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Mama anayehisi ni mjamzito akae mbali na uchomaji huo mapema, asingoje tumbo lionekane.