Masafa ya Redio ni Mali ya Umma: Tujifunze kwa India

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa Serikali na walimu.)

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni ugawaji wa masafa ya mawimbi ya redio kwa makampuni ya simu kwa njia ya mnada. Naomba tangu mwanzo nisikubaliane na dhana hiyo. Fundi atatuambia wimbi linakwenda umbali gani. Lakini nani apewe wimbi hilo, kwa bei gani, kwa masharti gani na mbele ya macho ya nani, hayo ni maswali ya siasa na ya utumishi wa umma. Kwa hiyo ni maswali yetu.

Mali yenyewe ni ipi

Kila simu ya mkononi huwasiliana na mnara kwa mawimbi yasiyoonekana. Mawimbi hayo hupimwa kwa megahezi, na kila kampuni haina budi kuwa na fungu lake. Makampuni mawili yakitumia fungu moja mahali pamoja, sauti huingiliana na hakuna atakayemsikia mwenziwe. Kwa sababu hiyo Serikali zote duniani hulazimika kuyagawa masafa.

Mafungu hayo hayalingani. Mawimbi ya megahezi 700 huenda mbali na hupenya kuta, hata minara michache ikaweza kuhudumia vijiji vingi. Yale ya megahezi 3500 hubeba mzigo mkubwa zaidi wa taarifa, lakini hufika karibu tu, nayo huwafaa zaidi wakazi wa mijini.

Hapa kwetu tumezoea kusema kwamba ardhi ni mali ya umma, na kwamba Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Masafa nayo yana hali hiyo hiyo. Hayauzwi moja kwa moja; kinachotolewa ni haki ya kuyatumia kwa muda na kwa masharti. Lakini masafa yana tabia mbili zinazoyatofautisha na dhahabu iliyo chini ya ardhi. Kwanza, hayaishi kwa kutumiwa. Pili, yasipotumiwa leo, faida ya leo imepotea moja kwa moja. Dhahabu ikiachwa mgodini, wajukuu wataikuta. Wimbi lililokaa bure mwaka mzima haliwezi kuwekwa ghalani likatumiwa maradufu mwakani.

Naomba tuzishike tabia hizo mbili, kwa maana nchi inaweza kuipoteza mali hii kwa njia mbili: kwa kuigawa gizani kwa bei ya bure, na kwa kuipandishia bei mpaka ikose mnunuzi. India imezipita njia zote mbili, na ndiyo maana nimeichagua iwe somo letu.

Kesi iliyotokana na mchezo wa kriketi

Tarehe 9 Februari 1995 Mahakama ya Juu ya India ilitoa hukumu katika kesi iliyotokana na ugomvi kuhusu haki ya kutangaza mashindano ya kriketi. Mahakama ilitamka kwamba mawimbi ya hewani ni mali ya umma, na kwamba hayana budi kusimamiwa kwa manufaa ya umma. Msingi ukawa umewekwa.

Katika miaka hiyo hiyo India ilikuwa ikifungua biashara ya simu za mkononi kwa makampuni binafsi. Serikali iliita zabuni, na makampuni, kila moja likichelea kuachwa nyuma, yakaahidi ada kubwa kupita uwezo wa biashara yenyewe. Wateja hawakupatikana kwa wingi uliotazamiwa, na malipo yakakwama. Mwaka 1999 ilibidi Serikali ibadili sera: badala ya ada ile nzito, ikakubali kuchukua fungu la mapato ya makampuni kila mwaka. Hilo lilikuwa onyo la kwanza kwamba ahadi kubwa siku ya zabuni si fedha iliyokwisha kuingia Hazina.

Alasiri ya tarehe 10 Januari 2008

Mwaka 2001 leseni ya kuhudumia India nzima ilipata bei ya rupia kama bilioni 16.6 kwa njia ya ushindani. Wakati huo simu za mkononi nchini humo zilikuwa milioni chache tu. Ilipofika mwanzo wa mwaka 2008, zilikuwa zimezidi milioni 200. Pamoja na hayo, Wizara ya Mawasiliano iliamua kutoa leseni mpya, pamoja na masafa yake, kwa bei ile ile ya mwaka 2001, bila ya mnada, kwa kanuni ya wa kwanza kuja ndiye wa kwanza kuhudumiwa.

Kanuni hiyo kwa maneno inapendeza. Hata mtoto wa shule anajua maana ya foleni. Tutazame basi jinsi foleni yenyewe ilivyopangwa. Wizara ilikuwa imetangaza kwamba ingepokea maombi hadi tarehe 1 Oktoba 2007, na maombi yaliyofika yalikuwa 575. Baadaye, tarehe 10 Januari 2008, ilitangazwa kwamba yangefikiriwa yale tu yaliyofika hadi tarehe 25 Septemba. Walioleta maombi katika siku zilizofuata, wakiitii tarehe iliyotangazwa na Serikali yenyewe, wakatupwa nje. Siku hiyo hiyo waliobaki walitakiwa wafike makao makuu ya Wizara kati ya saa 9:30 na saa 10:30 alasiri kuchukua barua zao. Aliyetangulia kutimiza masharti na kulipa akahesabiwa kuwa wa kwanza, hata kama maombi yake yalikuwa yamefika baada ya ya mwenziwe. Baadhi ya makampuni yalikuwa tayari na hundi za benki mkononi. Kwa hiyo aliyekuwa na habari mapema ndiye aliyeshinda.

Leseni 122 zikatolewa. Kabla mwaka haujaisha, makampuni mawili kati ya yaliyozipata, ambayo yalikuwa hayajaanza kutoa huduma, yalikubaliana kutoa hisa kwa makampuni ya kigeni, Etisalat ya Abu Dhabi na Telenor ya Norway. Thamani ya hisa hizo peke yake ilizidi mara mbili ada iliyolipwa Serikalini. Faida iliyostahili kuingia katika mfuko wa umma ikawa imepata wenyewe wengine.

Mwezi Novemba 2010 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya India alikadiria kwamba hasara iliweza kufikia rupia trilioni 1.76. Hesabu hiyo ilibishaniwa sana. Waziri aliyehusika, A. Raja, alijiuzulu mwezi huo huo, na mwezi Februari 2011 akakamatwa. Tarehe 2 Februari 2012 Mahakama ya Juu ilizifuta leseni zote 122, ikaagiza masafa yagawanywe upya kwa mnada.

Lakini ndugu zangu, habari haikuishia hapo. Tarehe 21 Desemba 2017 mahakama maalumu mjini Delhi iliwaachia huru washtakiwa wote, akiwamo waziri huyo, kwa kuwa waendesha mashtaka walishindwa kuthibitisha makosa. Mwaka 2018 rufani ikakatwa. Wapo waliosema kwamba, ikiwa hakuna aliyetiwa hatiani, basi hapakuwa na kosa. Hoja hiyo haisimami. Mahakama ya jinai huuliza kama mtu fulani amethibitika kuwa mhalifu. Mahakama ya Juu iliuliza swali jingine: je, utaratibu wenyewe ulikuwa wa haki na halali? Utaratibu mbovu unaweza kuifilisi nchi bila ya mwizi hata mmoja kuthibitika. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Ubaya wa upande wa pili

Mwaka 2010 India ilinadi masafa ya simu za kizazi cha tatu. Mnada ulichukua siku 34 na mizunguko 183. Katika kila mzunguko makampuni yalijua bei ilipofikia, nayo yakaamua kupanda au kujitoa, eneo kwa eneo. Serikali ilipata rupia bilioni 677. Matajiri hawakumhitaji mjomba Wizarani, wala karani hakuwa na barua ya kuficha mezani. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya mnada.

Mafanikio hayo yakaleta ulevi. Serikali ilianza kuyatazama masafa kama kisima cha kuzibia pengo la bajeti. Mwezi Novemba 2012, yalipopigwa mnada masafa yaliyotokana na hukumu ya Mahakama, bei ya kuanzia ilikuwa ya juu mno. Zilitazamiwa rupia bilioni 280, zikapatikana kama bilioni 94. Kwa Delhi na Mumbai, miji mikubwa kuliko yote nchini humo, hakuna aliyetaja bei.

Mwaka 2016 yakaletwa mnadani yale masafa ya megahezi 700 niliyosema huwafaa watu wa vijijini. Bei ya kuanzia kwa India nzima ilikuwa rupia bilioni 114.85 kwa kila megahezi. Hayakupata mnunuzi. Mwaka 2021 yakaletwa tena, yasinunuliwe. Mwaka 2022, bei ilipokuwa imeshushwa hadi rupia bilioni 39.27, kampuni moja tu, Jio, ikayanunua. Kwa karibu miaka sita mawimbi hayo yalikuwa yamekaa bure juu ya vichwa vya wakulima wa India. Hapakuwa na rushwa wala foleni ya hila, na hata hivyo umma ulipata hasara.

Tena makampuni yaliyonunua kwa mkopo wa Serikali yalielemewa. Mwaka 2023 sehemu ya madeni ya Vodafone Idea iligeuzwa kuwa hisa, Serikali ikawa na theluthi moja ya kampuni. Mwaka 2025 hisa hizo zikafika karibu nusu. Muuzaji akawa mbia katika duka la mteja aliyeshindwa kulipa!

Mambo matatu ya kushika

Katika historia hiyo nayaona mambo matatu yanayotuhusu watumishi wa umma.

La kwanza, kanuni itangulie mgawanyo, na ikishatangazwa imfunge kila mtu, kuanzia karani hadi waziri. Tarehe iliyotangazwa ni ahadi ya Dola kwa raia. Mtumishi anayeletewa amri ya kuibadili tarehe hiyo baada ya maombi kufungwa, aombe amri hiyo kwa maandishi na aiweke katika jalada. Katika kesi ya India majalada ndiyo yaliyozungumza.

La pili, mnada ni chombo, wala si lengo. Mahakama ile ile ya Juu, ilipoulizwa na Rais wa India mwaka 2012, ilijibu kwamba Katiba hailazimishi mnada kwa kila mali ya asili. Kinachotakiwa ni ugawaji wa haki, usio wa upendeleo, unaotumikia manufaa ya wote. Mnada mzuri unatokana na ushindani wa kweli. Bei ya kuanzia ikipangwa kwa kutazama pengo la bajeti, huo si ushindani tena, ni kodi iliyovaa joho la mnada, na atakayengojea mnara usiojengwa ni mwananchi wa kijijini.

La tatu, masharti ya huduma yaandikwe kabla ya nyundo kugonga meza. Ujerumani iliponadi masafa ya megahezi 800 mwaka 2010, iliweka sharti kwamba washindi waanze na vijiji na miji midogo isiyokuwa na huduma, ndipo waruhusiwe kuingia miji mikubwa. Sharti kama hilo hupunguza kidogo bei mnadani. Lakini shule iliyoko pembezoni hupata mawasiliano bila ya kungoja huruma ya mfanyabiashara.

Na sisi je?

Nchi yetu nayo imo katika njia hii. Sheria ya mwaka 2010 ya mawasiliano ya kielektroniki na posta imeyaweka masafa chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka 2018 na mwaka 2022 masafa yalinadiwa hapa nchini, yakiwamo yale ya megahezi 700. Tena tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, ambao hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo faida ya biashara haimvuti mwekezaji. Kwa hiyo vyombo tunavyo. Kilicho muhimu ni moyo wa wanaoviendesha, na macho ya wananchi wanaovitazama.

Ndiyo maana nimefurahi kuwaona walimu hapa. Mtoto anafundishwa kwamba msitu, ziwa na mgodi ni mali ya Taifa, nayo ni mafundisho mema. Afundishwe pia kwamba wimbi linalobeba sauti ya mama yake kutoka kijijini ni mali ya Taifa, ingawa halionekani. Mwananchi asiyejua kwamba kitu ni chake hawezi kuuliza kimeuzwa kwa nani.

Nasi watumishi, siku ya mnada tusishangilie tarakimu peke yake. Tuulize: je, kanuni zilitangazwa mapema na zikafuatwa? Je, aliyeshinda anaweza kulipa? Na je, baada ya miaka mitatu, mnara umesimama wapi? Majibu ya maswali hayo yakiwa mema, tutakuwa tumeitunza amana ya wananchi.