Mtoto Haji Shuleni Mikono Mitupu

Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanachama, Ndanai



Nimeagizwa kusema habari za shule ya watoto wetu wadogo, na hasa habari za fedha zilizotengwa kwa ajili yake. Wengi wetu wataka fedha hizo zinunue madaftari, penseli na karatasi za mtihani, ili watoto wa miaka 4 na 5 wajue kuandika kabla ya kuingia darasa la kwanza. Mwaka jana mimi mwenyewe nilikuwa upande huo. Leo nasimama kuungama ya kuwa nilikosea, nami naomba mkutano huu uamue vingine.

Kosa langu lilianzia nyumbani kwangu. Mwanangu alipotimiza miaka 4 nilimnunulia daftari lenye mistari, na kila jioni, nitokapo kazini, nilimketisha mezani aandike tarakimu. Alilia, nami nikamkaza, maana wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Baada ya miezi michache aliweza kuandika 1 hadi 20, nikajisifu mbele ya majirani. Siku moja walikuja wageni 6, nikamtuma alete vikombe 6. Akaleta vyote vilivyokuwamo kabatini. Nilipomwuliza ni vingapi, akanyamaza, kisha akaenda kulitafuta daftari lake.

Jioni ile ile mtoto wa jirani, msichana ambaye hajaingia shule yo yote, alikuwa akirudisha ndama zizini. Aliwatazama mara moja tu, akasema, "Mmoja hayupo." Akarudi kumtafuta. Mabwana na Mabibi, mimi ni karani, na kazi yangu ni kuhesabu. Usiku ule nilijiuliza ni nani kati ya watoto wale wawili aliyejua hesabu. Wahenga walisema mkunje samaki; hawakusema mvunje.

Wazee wetu walilijua jambo hili zamani. Katika lugha yetu ya Kipsigis twasema mtoto ni ng'om, yaani ana akili, tukimwona atambua kazi inayompasa na kuifanya bila kuambiwa mara mbili. Shule zilipokuja, watu wakaanza kutaja pia ng'om en sukul, akili ya shuleni. Wataalamu wawili kutoka Marekani, Sara Harkness na Charles Super, walioishi katika kijiji cha Wakipsigis katika miaka ya 1970, waliyaandika maneno hayo. Tena katika mwaka 1977 walieleza kwa nini mtoto wa kwetu ni mgumu kupimwa: akiulizwa na mtu mzima asiyemzoea asimulie hadithi, hunyamaza. Huko si kukosa akili. Amefunzwa kuwasikiliza wakubwa na kutenda, wala hakuzoea kuhojiwa nao. Basi kazi ya mwalimu wa watoto wadogo ni kujenga daraja kati ya akili hizo mbili. Nitataja sehemu tatu.

Kwanza ni kusoma. Kusoma huanzia masikioni. Mtoto asiyesikia ya kuwa "mama" na "maji" yaanza kwa sauti moja hatafaidiwa na herufi M ubaoni. Hadithi za kogo, yaani bibi, vitendawili, na nyimbo za kupiga makofi ndizo zinazolifunza sikio. Tena zisemwe katika lugha anayoijua mtoto. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikwisha kuagiza ya kuwa madarasa ya mwanzo yatumie lugha ya mahali penyewe.

Pili ni hesabu. Mtoto na ashike kwanza, ndipo aandike. Apange maharagwe huku na mahindi kule. Agawe viazi, kila mwenzake kimoja. Ahesabu vizibo vya soda kumi kumi. Na hapa lugha zetu zatupa msaada ambao Kiingereza hakina. Neno la Kiingereza la 11 halimwonyeshi mtoto lo lote. Bali sisi twasema taman ak agenge, na kwa Kiswahili kumi na moja. Kumi imo, na moja imo, zote zaonekana wazi.

Tatu ni sanaa, ambayo wengi huiita mchezo wa kupoteza wakati. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kina mifupa midogo 8. Kwa mtoto wa miaka 4 baadhi yake bado ni gegedu laini. Mkono huo twaudai uandike ukurasa mzima! Afadhali ufinyange udongo, usuke majani, uchore kwa mkaa juu ya ubao, utunge shanga. Na mtoto atungaye shanga nyekundu mbili, nyeupe moja, nyekundu mbili, nyeupe moja, kama zile zipambazo sotet, kibuyu chetu cha maziwa, anafanya hesabu pia, ila hajui bado kuiita hesabu.

Hayo hayapingani na serikali. Mtaala ulioanza kutumika nchini kote Januari 2019 uliweka miaka miwili kabla ya darasa la kwanza, ujifunzaji wake ukiwa kwa michezo na vitendo, wala haukuweka mtihani wa taifa kwa watoto hao. Tena Katiba ya mwaka 2010 iliukabidhi wajibu wa shule hizo kwa serikali za kaunti. Kazi ya Chama si kuchukua mahali pa kaunti, bali kuongeza kile ambacho wazazi twaweza.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Fedha zinunue mbao za kuchoria, shanga, mikeka na kabati, na penseli chache zitoshe. Akina bibi waalikwe siku moja kila juma kusimulia hadithi, nao wapewe chai na heshima. Na sisi wazazi tuache kumwuliza mwalimu, "Mtoto wangu ameandika kurasa ngapi?" Maana mwalimu anayejua ya kuwa ataulizwa hivyo atawaandikisha tu, hata kama moyo wake wakataa.

Najua wako akina mama hapa wanaotoka alfajiri kwenda kuchuma chai, nao hurudi wamechoka. Hawana nafasi ya kufundisha, wala hatuwadai hiyo. Lakini mama amwambiaye mtoto, "Niletee viazi vitatu," kisha akavihesabu pamoja naye, amekwisha kufundisha.

Mwanangu sasa hulihesabu kundi la ndama pamoja na yule msichana wa jirani. Daftari nililiweka, hata mkono wake ulipokomaa akaliomba mwenyewe.