Namna ya Kujizoeza Kinanda: Maneno kwa Wanaoanza



Katika furaha ya yubilei hii tumeombwa, sisi wapiga kinanda wa korale, kusema machache juu ya kazi yetu. Twaanza kwa kuungama. Pasaka moja mpigaji wetu aliugua, na armoniyumu ikakaa kimya. Ngoma na sauti zenu zilituokoa. Lakini kati ya vijana wengi tuliowaanzisha, hakuna hata mmoja aliyeweza kuketi mahali pake. Tulikuwa tukisema kwamba walikosa kipaji. Sivyo. Tuliwapa nyimbo za kupiga, wala hatukuwafundisha namna ya kujizoeza.

Ninyi basi mnaoanza leo, pokeeni mashauri haya.

La kwanza: jizoezeni kila siku, hata kama ni kwa muda mfupi. Nusu saa ya kila siku yapita saa tatu za Jumamosi. Daktari Albert Schweitzer, mpiga kinanda mashuhuri, alifika Lambaréné katika Gabon mwaka 1913, akiwa na piano yenye vibao vya kukanyaga kwa miguu, zawadi ya Chama cha Bach cha Paris. Wagonjwa walikuwa wengi, na siku nyingine hakupata zaidi ya nusu saa. Hata hivyo alishika utungo mmoja mmoja mpaka akaujua kwa moyo, hata ukimchukua majuma au miezi. Ikiwa fundi alifanya hivyo, mwanafunzi aone haya gani?

La pili: mkono mmoja kwanza. Mkono wa kuume ujue njia yake, na wa kushoto yake, ndipo viungane. Tena msichukue wimbo mzima. Chukueni mstari mmoja.

La tatu: pigeni pole pole. Kidole hakichagui kati ya kosa na haki. Hushika kile kinachorudiwa. Anayekimbia na kukosea mara kumi amejifunza kosa. Mkikosea, msirudi mwanzo wa wimbo. Simameni pale pale, pasahihisheni, pigeni mara tatu bila kosa, kisha mpaunganishe na yaliyotangulia.

La nne: kila kidole kiwe na kazi yake. Kidole gumba huitwa 1, na kidogo 5. Kwa mkono wa kuume, do, re, mi ni 1, 2, 3. Kisha gumba hupita chini ya vidole kushika fa, na mnaendelea 1, 2, 3, 4, 5 mpaka do ya juu. Andikeni hesabu hizo juu ya nota, wala msizibadili kila siku.

La tano: sikieni tabia ya chombo. Sauti ya piano hufifia baada ya kupigwa; ya armoniyumu huendelea maadamu kidole kimebonyeza na mivukuto inatoa upepo. Kwa hiyo miguu ikanyage kwa utulivu, na kidole kiinuke kwa wakati wake, sauti zisichanganyikane.

Mtasema: nyumbani hatuna kinanda. Kweli, chombo ni kimoja, nasi tu wengi. Choreni vibao vyeupe na vyeusi juu ya karatasi ngumu, kwa upana wao halisi. Wekeni mezani, vidole vitembee, na kinywa kiimbe nota. Karatasi haitoi sauti, lakini vidole vitajifunza njia. Mkija kanisani, mtakuja kusikia yale ambayo mikono imekwisha kuyajua.

Nanyi wazazi na wakristu wenzetu, twawaomba jambo moja. Mkipita karibu na kanisa jioni, mkasikia mstari ule ule ukirudiwa mara ishirini, msicheke, wala msimwite mtoto kwenda kuteka maji kabla hajamaliza. Yule ndiye atakayeongoza sauti zenu siku sisi tutakapokuwa tumezeeka.

Mungu aibariki mikono yao, na aijalie parokia yetu wapigaji wenye subira.