KURA ZA MAONI: TUZIAMINI KWA KADIRI GANI?

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Kegonga)



Halmashauri imetutaka tuzungumze juu ya jambo lililoleta ubishi mwingi katika mkutano uliopita. Jambo lenyewe ni hili: zile kura za maoni zinazotangazwa redioni na magazetini kabla ya uchaguzi, je, bado zaweza kuaminiwa kwamba zaeleza nia ya wapiga kura? Mtakumbuka kwamba kabla swali halijajibiwa tulikuwa tumekwisha gawanyika. Wengine walisema kura hizo ni uwongo wa kununuliwa. Wengine walisema ni kweli tupu, na kwamba matokeo yakitofautiana nazo basi hapana shaka watu wameibiwa. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimekosea, na kosa la pili lina hatari kuliko la kwanza.

Kwanza tulisafishe neno lenyewe, maana sisi tunakaa mpakani. Ndugu zetu wa Tarime wakisema "kura za maoni", mara nyingi wana maana ya wanachama wa chama cha siasa kumteua mgombea wao. Huku kwetu, mwaka 2005 na tena mwaka 2010, tulipiga kura ya maoni juu ya Katiba, na kura ile ilikuwa ya sanduku, ikahesabiwa na kufuatwa. Tunayoizungumza leo si hiyo wala si ile. Ni kampuni kuwauliza watu wachache, kama elfu mbili hivi, kisha kukadiria kwa majibu yao nia ya nchi nzima.

Wengine huuliza, "Watu elfu mbili watawezaje kusema kwa ajili ya mamilioni?" Lakini jambo hili tunalifanya kila msimu wa mahindi. Mnunuzi hafungui gunia na kukagua kila punje. Huchoma gunia kwa bambo, akatazama punje chache kiganjani, akajua kama mahindi ni makavu au yameoza. Ufundi huo ni wa kweli. Lakini mnajua pia jinsi unavyoharibika. Akichoma magunia yaliyo karibu na mlango peke yake, atadanganyika juu ya ghala nzima, hata kama bambo lake ni zima na yeye mwenyewe ni mwaminifu.

Ndugu wanachama, sisi wenyewe tumewahi kudanganyika namna hiyo, na yafaa tuliseme wazi. Kulikuwa na shauri la kuacha kazi mahali pamoja palipokuwa na wanachama wetu. Wajumbe walipita kuuliza watu, wakarudi na habari kwamba karibu wote wako tayari. Tulifurahi, na wengine wetu walitaka tarehe itangazwe siku ile ile. Bahati njema katiba ya chama inataka kura ya siri. Sanduku lilipofunguliwa, waliokataa walikuwa wengi kuliko waliokubali. Kama tungetoka kwa nguvu ya yale maneno ya kwanza, tungetoka wachache, na hao wachache wangepoteza kazi.

Tulikaa tukatafuta kosa, tukaona matatu. Kwanza, wajumbe waliwauliza watu wa zamu ya mchana tu. Walinzi wa usiku na vibarua wa siku hawakuulizwa. Pili, waliuliza langoni mbele ya wenzao wote, na ni nani atakayesema "naogopa" mbele ya wenzake? Tatu, wengi waliojibu "ndiyo" hawakuja siku ya kura. Hakuna aliyesema uwongo kwa makusudi. Makosa hayo matatu ndiyo yanayoyapata makampuni makubwa pia, nasi tutayaeleza moja moja.

La kwanza ni nani ameulizwa. Mwaka 1936 huko Marekani gazeti moja lililoitwa Literary Digest lilipeleka kadi kiasi cha milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akashinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi gazeti lilikuwa limeyatoa katika vitabu vya simu na orodha za wenye motokaa, na wakati ule wa shida mtu mwenye simu na motokaa hakuwa kibarua. Siku hizi kampuni nyingi za Kenya huuliza kwa simu. Simu leo si ya matajiri peke yao, lakini tujiulize: mama aliye shambani kwenye tumbaku tangu alfajiri, simu yake imezimika kwa kukosa moto, atapigiwa saa ngapi? Na sisi ambao mara nyingine tunatumia laini ya upande wa pili wa mpaka, tumo katika orodha ya nani?

La pili ni woga. Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1988, mlolongo wa KANU, mtu alipotakiwa kusimama nyuma ya picha ya mgombea mbele ya chifu na majirani, na aliyepata zaidi ya 70 kwa mia katika mstari akapita bila kura ya siri. Watu waliofunzwa hivyo hawamfungulii moyo kila anayepiga simu na kusema, "Tunafanya utafiti." Ng'ambo ya mpaka tumeona kwamba hata anayeuliza huweza kutishwa. Julai 2018 shirika la Twaweza lilitangaza kwamba wanaoridhika na kazi ya Rais Magufuli walikuwa 96 kwa mia mwaka 2016, wakawa 71 mwaka 2017, na sasa ni 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ililiandikia barua kulitaka lijieleze. Pahali ambapo muulizaji anaitwa ajieleze, muulizwaji naye atachagua maneno yake.

La tatu ni nani atakayefika kituoni. Mwaka 2022 tuliojiandikisha katika Kenya tulikuwa milioni 22.1, na waliopiga kura walikuwa kiasi cha 65 kwa mia. Zaidi ya thuluthi moja walikaa nyumbani. Kampuni inaweza kumuuliza mtu anampenda nani, akajibu kweli kabisa, kisha siku ya kura akaenda zake shambani.

Sasa tuangalie hesabu za uchaguzi zenyewe. Mwaka 2013 kura za maoni za mwisho zilisema Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wanakaribiana sana, na hakuna atakayefika nusu. Uhuru alitangazwa mshindi kwa 50.07 kwa mia. Mwaka 2017, siku chache kabla ya Agosti 8, Ipsos ilimweka Uhuru mbele kwa 47 dhidi ya 43, na Infotrak ikamweka Raila mbele kwa 47 dhidi ya 46. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Uhuru kwa 54 na kitu, na Septemba 1 Mahakama ya Juu ikayafuta matokeo hayo. Basi hata ile pishi ya kupimia ikavunjika.

Mwaka 2022 ndio wenye funzo kubwa. Ipsos, Infotrak na TIFA, zote zilimweka Raila mbele siku za mwisho. Tuchukue Ipsos: Raila 47, William Ruto 41. Jumlisheni, mtapata 88. Hao 12 waliobaki katika kila mia wako wapi? Ni wale ambao hawajaamua, waliokataa kusema, na wachache wa wagombea wengine. Matokeo yalipotangazwa Raila alikuwa na 48.85, na Ruto 50.49. Maana yake Raila aliongeza chini ya 2 juu ya makadirio yake, na Ruto akaongeza zaidi ya 9. Kampuni haikuwa mbali juu ya nguvu ya Raila. Ilipotelewa na wale walionyamaza, na wale waliosema lakini hawakufika. Magazeti yaliandika 47 na 41 kwa herufi kubwa. Ile 12, ambayo ndiyo iliyokuwa habari, iliwekwa chini kwa herufi ndogo.

Tusizionee kampuni. Tanzania mwaka 2015 Twaweza ilisema Magufuli 65 na Lowassa 25. Matokeo rasmi yakawa 58.46 na 39.97. Ilimtaja mshindi sawasawa, lakini ikakosea sana juu ya ukubwa wa ushindi. Ndivyo kura za maoni zilivyo: zaonyesha upande unakovuma upepo, lakini hazipimi kila jani.

Ndugu zangu, liko jambo jingine linalotugusa sisi wa Kegonga hasa. Gawanyeni milioni 22 kwa watu elfu mbili: kila aliyeulizwa anasimama kwa ajili ya wapiga kura elfu kumi na moja. Basi jimbo zima la Kuria Mashariki huenda lisifikishe watu kumi katika orodha ile, na kata moja huenda isipate hata mmoja. Tena sisi hutiwa ndani ya hesabu ya "Nyanza" yote. Mwaka 2022 ugavana wa Migori ulikwenda ODM, lakini viti vya bunge vya Kuria Mashariki na Kuria Magharibi vilikwenda UDA. Mtu aliyeko Nairobi akisoma "Nyanza inasema hivi", hajui kwamba Nyabasi na Bwirege walisema vingine. Na mgombea akija hapa na karatasi akidai, "Utafiti umeonyesha watu wa Kegonga wananitaka," mwulizeni ni watu wangapi wa Kegonga walioulizwa. Asipotaja hesabu, mrudishieni karatasi yake.

Tulisema kosa la pili lina hatari zaidi, yaani kuifanya kura ya maoni kuwa hati ya madai. Kumbukeni mwaka 2007. Kwa miezi ya mwisho kura nyingi za maoni zilimweka Raila mbele ya Kibaki, ingawa pengo lilizidi kupungua. Desemba 30 Kibaki akatangazwa mshindi. Hatusemi kwamba kura za maoni ndizo zilizowaua watu. Uchaguzi wenyewe uliharibika, na mwaka 2008 Tume ya Kriegler ilisema haikuwezekana kujua nani alishinda. Lakini watu wengi walikuwa wamekwisha ambiwa mshindi mapema, na kila upande ulikuja na hesabu yake mfukoni. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Wengi waliokufa na kufukuzwa walikuwa watu kama sisi: vibarua, wachuuzi, wakulima. Kampuni ikikosea, inatoa tangazo la kujieleza na kuendelea na kazi. Sisi tukipigania kosa lake, tunazika.

Basi tufanye nini? Halmashauri yapendekeza haya:

1. Kila makadirio yakitangazwa, tuulize: nani amelipa? Wameulizwa wangapi, wapi, na lini? Kwa simu au kwa kuonana? Swali lilikuwa na maneno gani? Wasiotaka kusema ni wangapi? Sheria ya mwaka 2012 ya kutangaza kura za maoni za uchaguzi inawataka wanaotangaza waeleze mambo ya namna hiyo. Si hisani yao. Ni haki yetu.

2. Tofauti ikiwa ndogo, tusiseme fulani anaongoza. Kwa watu elfu mbili, kila hesabu yaweza kupanda au kushuka kwa 2 kwa mia na kidogo. Anayepita mwenzake kwa 1 hajampita.

3. Picha zinazozungushwa kwa simu zikiwa na alama ya kampuni, bila maelezo hayo, tusizipeleke mbele. Sheria hiyo inakataza kutangaza kura za maoni katika siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Basi yanayozuka siku hizo tuyatilie mashaka.

4. Asikae mtu nyumbani kwa kuwa ameambiwa mambo yamekwisha. Mwaka 2022 tofauti ilikuwa kura 233,211, na vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Hiyo ni kama kura tano kwa kila kituo. Watu watano wako hapa katika benchi la mbele.

5. Tujifunze Fomu 34A. Kura huhesabiwa kituoni, fomu hutiwa sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 picha za fomu hizo ziliwekwa pia kwenye intaneti, kila mtu azione. Mwanachama anayejua kusoma fomu ile ana kitu ambacho hakuna kampuni inayoweza kumpa: hesabu ya kura zilizopigwa kweli, na watu anaowajua.

Kwa hiyo, kwa ndugu aliyeuliza swali, jibu letu ni hili. Ziamini kura za maoni kama mnunuzi anavyoliamini bambo lake: baada ya kujua limechomwa magunia gani, na bila kusahau kwamba mizani bado haijapima. Zikikuambia upepo unavuma wapi, shukuru. Zikitaka kukuamulia, zikatae. Na zikitaka ukosane na jirani yako wa Ntimaru au wa Isebania, zitupe.

Uchaguzi unaofuata kwa Katiba ni wa Agosti 10, 2027. Kuanzia sasa hesabu zitakuja nyingi. Chama chetu kiliokolewa siku ile na sanduku la siri, si na maneno ya langoni. Tulichojifunza katika tawi tusikisahau katika nchi.

Umoja ni nguvu.