Kompyuta ya Mweka Hazina na Fedha za Kuchimba

(Maneno ya kikundi yaliyosomwa ukumbini, siku ya kutimiza miaka kumi)



Katika risala mmekwisha kusikia habari za hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi tumeombwa tueleze jambo moja ambalo halikuingia kwenye risala, nalo ni ile habari ya kuchimba fedha kwa kompyuta. Keko Machungwa wanaisema vyao, Keko Magurumbasi vyao. Wengine wanasema tumetajirika kwa siri, wengine eti tumefilisika. Hakuna kweli katika yote mawili.

Mambo yalianza mwaka 2023. Mwenzetu mmoja alikopa Sh 600,000 za kuongeza mtaji wa mkaa. Kabla hajanunua hata gunia moja akakutana na maneno matamu: kuna programu ya simu, unalipia "mashine" iliyoko Ulaya, nayo inakuchimbia sarafu za mtandaoni usiku na mchana, wewe umelala. Wiki mbili za kwanza alipokea kidogo kidogo, moyo ukatulia, akaweka fedha zote zilizobaki. Wiki ya tano programu haikufunguka tena. Mashine hakuwahi kuiona, ofisi hakuijua, na namba aliyozoea kupiga ikawa haipatikani. Mwenzetu huyo yupo hapa ukumbini, na ndiye aliyetutaka tuyaseme, maana amechoka kusemwa pembeni.

Tulikaa vikao vitatu. Cha kwanza hatukusikilizana hata kidogo, jamani tuseme kweli. Wapo waliotaka kabati lake lichukuliwe siku ile ile, na kwa watu wa Keko, tunaoishi kwa useremala, kabati si kitu cha mchezo. Katiba yetu ilikuwa upande wao. Mwishowe wadhamini wake wawili walibeba Sh 150,000, naye akapewa miezi kumi na minane kumaliza zilizobaki bila faini. Uamuzi huo haukuwapendeza wote. Wenzetu wawili waliondoka kikundini kwa sababu hiyo, na leo tumewaalika, ila hatujawaona.

Ndipo kijana wa mweka hazina wetu, aliyesomea ufundi wa kompyuta, akaomba kuja kikaoni. Akasema, "Shikamooni mama zangu. Ule haukuwa uchimbaji, ule ni upatu uliovalishwa nguo mpya. Uchimbaji wenyewe upo, lakini muuone pamoja na hesabu yake." Wale tunaoikumbuka DECI, iliyofungwa na Serikali mwaka 2009, tulimwelewa mara moja. Enzi zile ilikuwa kupanda mbegu na kuvuna, sasa ni kuchimba. Na Uganda mwaka 2019 kampuni iliyojiita Dunamiscoins iliwafungia milango maelfu ya watu namna hiyo hiyo.

Somo la kijana tulilishika upesi kuliko alivyotazamia, kwa sababu ya kisanduku chetu. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Kabla ya kukifunga, jumla ya fedha hutangazwa kwa sauti, kila mmoja akaiweka kichwani, ili katibu asiweze kuibadili daftarini. Basi Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ni daftari la namna hiyo, ila nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mmoja hufungwa. Ili kuufunga, kompyuta hushindana kubahatisha namba inayokubalika na hesabu yake, wala hakuna ujanja ila kujaribu na kujaribu tena. Anayeipata kwanza hupewa sarafu mpya. Mwanzoni zilikuwa 50 kwa ukurasa, nazo hupunguzwa nusu kila miaka minne hivi. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Huko kubahatisha ndiko kuchimba. Hakuna shimo wala sururu kama kule Mererani.

Tukamwuliza, hii kompyuta ya nyumbani inaweza? Akajibu kwamba mwaka 2009 iliweza. Tangu mwaka 2013 zikaenea mashine zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu. Mashine moja ya siku hizi hujaribu namba trilioni 200 kwa sekunde na hula wati 3,500, sawa na pasi tatu za umeme zinazowaka bila kuzimwa. Kwa siku nzima ni uniti 84. Kompyuta ya nyumbani mbele yake ni kijiko cha chai mbele ya lori la maji. Kwa hiyo anayeanzia nyumbani hachimbi Bitcoin. Ethereum, iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi za michezo ya kompyuta, iliacha kuchimbwa Septemba 2022. Inayojulikana iliyobaki ni Monero, ambayo Novemba 2019 ilibadili hesabu zake ili kompyuta za kawaida nazo zipate nafasi.

Basi tukasema, tujaribu mwezi mmoja, tena bila kugusa kisanduku. Kwanza kijana alifungua pochi ya mtandaoni. Pochi ina maneno ya siri, na maneno hayo huandikwa kwenye karatasi na kufichwa. Akiyajua mwingine, fedha zimekwenda. Pili akaweka programu iitwayo XMRig, inayotolewa bure. Kompyuta ikapiga kelele kwamba ni kirusi, maana wezi huipachika kwa siri kwenye kompyuta za watu ili wachimbiwe bure. Tatu akajiunga na kundi la wachimbaji, kwa sababu mmoja peke yake anaweza kubahatisha miaka asipate kitu. Wanabahatisha pamoja na kugawana kwa kadiri ya kazi ya kila mmoja. Hapo tulicheka, kumbe na wao wana hisa!

Intaneti haikula bando kubwa kama tulivyoogopa. Kilichotushinda ni joto na vumbi. Chumba cha mweka hazina kikawa kama jiko la mkate, na vumbi la mbao linalotoka kwa mafundi likaziba feni mara mbili. Feni ikawa inavuma usiku kucha, mume wake akahamia sebuleni na mto wake.

Sasa hesabu. Kompyuta ilikula wati 150, saa 24, sawa na uniti 3.6 kwa siku, na kwa siku 30 uniti 108. Kwa bei ya kawaida ya majumbani ya Sh 292 kwa uniti, hizo ni Sh 31,536. Ongeza kodi na tozo, asilimia 22, inapita Sh 38,000 za LUKU. Kilichochimbwa mwezi mzima, kwa bei ya siku hiyo, hakikufika Sh 5,000. Na hizo hatukuzishika mkononi, kwani kundi halilipi mpaka akiba ifike kiwango chake.

Tusije tukasema hakuna anayepata. Hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, mwaka 2020 ilianza kuchimba Bitcoin kwa umeme wa maji wa Luviro. Kenya, kampuni ya Gridless imefunga mashine kwenye mitambo midogo ya maji vijijini, ikila umeme uliokosa mnunuzi. Wao maji yangepita bure. Sisi umeme wetu tunanunua kwa namba ishirini za LUKU, dukani.

Viongozi wa Mtaa walituuliza na upande wa sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa nazo, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Dukani lakini hazinunui hata kiberiti.

Siku ya thelathini kijana aliizima mbele yetu. Kikao kikapitisha maneno mawili katika kanuni zetu: mkopo wa kikundi hautatolewa kwa uchimbaji wa aina yoyote, na anayeshawishiwa aje aseme kikaoni kabla ya kulipa, hatachekwa. Tangu hapo wamekuja wanne.

Kompyuta yenyewe ipo. Kijana huandikia mafundi wa barabara ya Chang'ombe ankara za makabati na vitanda, Sh 500 kwa ukurasa. Na mwenzetu wa mkaa alileta rejesho lake la mwisho Mei 2025, likatangazwa kwa sauti kama kawaida, kisha kisanduku kikafungwa.