MOYO WA ATAKAYE KUONGOZA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa chama)



Kabla hatujapiga kura ya kuchagua halmashauri mpya, twaomba mtuvumilie kidogo. Sisi makarani huulizwa kama mgombea ajua hesabu, na kama ana mali ya kumtosha asije akalitamani sanduku la chama. Maswali hayo ni mema. Lakini ni nadra kuulizwa: je, mtu huyu akipingwa huwaje?

Mwezi wa Mei 1960 Gavana Patrick Renison alimwita Bwana Jomo Kenyatta kiongozi wa kuelekea giza na mauti. Bwana huyo alikuwa amekamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu, akafungwa Lokitaung kwenye jua kali. Basi tarehe 12 Agosti 1963, akiwa Waziri Mkuu, alisimama Nakuru mbele ya masetla waliokuwa wakimwogopa. Hakudai kisasi. Aliwaambia kwamba ikiwa aliwakosea wamsamehe, naye vilevile amewasamehe. Akawataka wabaki na kulima. Watu waliokuja na mashaka walimshangilia. Wala si elimu iliyomwezesha kusema hayo, maana wasomi wenye kinyongo tunawajua.

Tungependa kukomea hapo, lakini haingekuwa haki. Tarehe 25 Oktoba 1969, mwaka ule ule Bwana Tom Mboya alipouawa, Rais Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Baadhi ya watu walimzomea. Naye akajibu kwa ukali na matusi, akimtisha Bwana Oginga Odinga hadharani. Mawe yakarushwa, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa, wengine wakasema walizidi sana. Siku chache baadaye Bwana Odinga aliwekwa kizuizini, na chama chake cha KPU kikapigwa marufuku. Mtu alikuwa ni yule yule wa Nakuru. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa na dola mkononi, na aliyempinga alikuwa rafiki wa zamani.

Nasi hatuna haja ya kwenda mbali. Wengi wenu mwakumbuka mwaka ambao mjane mmoja aliuliza, kwa adabu kabisa, habari za fedha za maziko ya mumewe. Mwenyekiti wa wakati huo alipiga meza, akafunga mkutano. Sisi tulioshika kalamu tuliandika katika daftari kwamba mkutano ulifungwa kwa amani. Mama yule hakurudi tena, na zaka zake za mwezi hatukuzipata tena.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba leo kila mgombea aulizwe swali moja gumu juu ya kazi yake iliyopita, mbele yetu sote, apewe nafasi ya kujibu, nasi tumtazame anapojibu. Bwana Mweka Hazina amekubali kuwa wa kwanza.